Fungu la Paka

Leo tuzungumze jambo linalogombanisha watu wa nyumba moja kila jioni, na mara nyingi hakuna anayeshinda. Mmoja anamrushia paka kipande cha papa chini ya meza. Mwingine anamaka: "Usimpe hicho, utamuua kwa chumvi!" Wa kwanza anajibu kwamba paka wa bibi yake alikula papa na ng'onda miaka na miaka, akafa kwa uzee. Ugomvi unaishia hapo, paka naye keshameza zamani, anasubiri kipande cha pili.

Swali lenyewe ni la haki kabisa. Vyakula vyetu vya chumvi na mafuta, yaani chipsi, mishikaki, kuku wa kukaanga, samaki wa ng'onda, mchuzi wa jana, vina madhara gani kwa paka? Majibu mengi utakayoyasikia ni ya namna mbili: ama "ni sumu kabisa", ama "achana na mambo ya Wazungu, paka ni paka". Mimi sikubaliani na pande zote mbili, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na chumvi, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa kwanza.

Paka tunayefuga ni uzao wa paka-pori, mnyama wa nchi kame ambaye hadi leo bado anawinda katika mbuga zetu. Mnyama wa asili hiyo hajazoea kukuta maji kila anapogeuka. Sehemu kubwa ya maji yake aliyapata ndani ya mwili wa panya aliyemla, maana karibu asilimia 70 ya panya ni maji. Ndiyo sababu figo za paka zina uwezo mkubwa kuliko zetu: zinaukamua mkojo ukawa mzito sana, na chumvi ya ziada inatoka bila kupoteza maji mengi. Mwaka 1959 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba paka aliyepungukiwa maji anaweza kunywa hata maji ya bahari yakamsaidia. Mimi na wewe tukiyanywa hayo, tunakaukiwa zaidi kuliko kabla ya kunywa.

Basi yule anayemtetea bibi yake hakusema uongo. Paka mzima, mwenye figo nzuri na maji safi ya kunywa, haangushwi na kipande cha papa. Na wataalamu waliowalisha paka wazima chakula chenye chumvi zaidi ya kawaida kwa miezi mingi hawakuona figo zikiharibika kama wengi walivyodhani. Kuna hata vyakula vya dukani vya paka wenye matatizo ya njia ya mkojo ambavyo huongezwa chumvi makusudi, ili paka apate kiu, anywe, na mkojo wake uwe mwepesi.

Hata hivyo, tupige hesabu kidogo. Paka wa kilo 4 anahitaji chumvi ya kama sehemu moja ya kumi ya gramu kwa siku. Ni punje chache tu, ukiziweka kwenye kucha zinatosha. Sasa samaki aliyekolezwa chumvi barabara, papa au ng'onda, anaweza kubeba chumvi inayozidi moja ya kumi ya uzito wake. Kipande cha gramu 10, ambacho kwako ni cha kuonjea tu, kinampa paka gramu nzima ya chumvi: mara kumi ya mahitaji yake ya siku. Hafi, lakini lazima akanywe maji. Na hapa ndipo ninapotaka wale wa "paka ni paka" wanisikilize. Maji yako wapi?

Pita mitaani kwetu uone. Paka wana sahani, wana kifuniko cha ndoo chenye makombo, wana hata kipande cha boksi cha kulalia kilichowekwa na mtu mwenye huruma. Bakuli la maji ni nadra. Tunadhani mchuzi unatosha, au kwamba paka hanywi maji kwa sababu hatujawahi kumwona akinywa. Anakunywa kwenye mfereji, kwenye maji ya kuoshea vyombo, kwenye yale yanayodondoka chini ya kiyoyozi. Paka wa bibi, yule wa zamani, alikuwa na mtungi uani na kata iliyomwagika kila saa. Alikula chumvi nyingi, ndiyo, na maji yalikuwa hatua tatu tu.

Hiyo ni habari ya paka mzima. Paka mzee ni jambo jingine. Ugonjwa wa figo ni wa kawaida mno kwa paka waliozeeka, na unaingia kimyakimya: anakonda, anakunywa sana, anakojoa sana, manyoya yanakosa mng'ao. Wengine presha hupanda, na wapo wanaopofuka ghafla kwa sababu ya presha hiyo. Huyo usimjaribu na ng'onda. Vivyo hivyo mwenye moyo mgonjwa, na mtoto aliyeachishwa kunyonya juzi.

Na kama unataka kujua chumvi inaua paka vipi hasa, sikiliza: mara nyingi haimuui kwa chakula. Inamuua kwa dawa yetu ya kienyeji. Paka amekula sumu ya panya, watu wanakusanyika, mmoja anasema mnyweshe maji ya chumvi atapike. Wanyama wa nyumbani huanza kuonyesha dalili za sumu ya chumvi wanapopata kama gramu 2 kwa kila kilo ya mwili. Kwa paka wa kilo 4 hizo ni gramu 8, yaani kijiko cha chai na robo hivi. Vijiko viwili kwenye kikombe cha maji, anabanwa kinywa, anamiminiwa. Asipotapika, sasa ana sumu mbili. Ataanza kupepesuka, kutetemeka, kisha degedege. Wengine humnywesha mafuta ya kupikia, nayo yanaingia mapafuni. Tafadhali sana, acheni. Mbebeni aende kwa daktari wa mifugo, pamoja na pakiti ya hiyo sumu aliyokula.

Sasa mafuta. Hapa nitawashangaza baadhi yenu: mafuta si adui wa paka. Paka anayejilisha mwenyewe kwa kuwinda hupata karibu nusu ya nguvu zake kutoka kwenye mafuta ya mawindo, nusu nyingine kutoka kwenye protini, na wanga karibu hakuna. Mbwa akila mafuta mengi kwa mara moja, anaweza kuvimba kongosho akawa mahututi. Kwa paka uhusiano huo haujathibitika. Akila ngozi ya kuku wa kukaanga huenda akatapika au akaharisha, halafu kesho yupo tena mlangoni.

Shida ya mafuta ni wingi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori kama 120. Panya mmoja ana kama 30. Paka wa ndani, asiyekimbizana na mtu, anatosheka na kalori 200 hadi 250 kwa siku. Kwa hiyo ukimpa vipande vya chipsi vilivyolowa mafuta na ngozi ya kuku, jumla ikafika kijiko kimoja cha mafuta, umempa panya wanne bila nyama ya hata panya mmoja. Atashiba, hatawinda, atalala, na tumbo litaanza kuburuzika. Paka mnene anapata kisukari kama binadamu. Tena ana hatari moja ya ajabu: akiacha kula kwa siku kadhaa, kwa ugonjwa au kwa kuhamishwa nyumba, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulikwamisha. Nimesikia watu wakisema wamwache paka mnene afunge ili apungue. Hapana. Apunguziwe kidogo kidogo, asifungishwe.

Nenda jioni kwenye kibanda chochote cha chipsi, simama kando ya karai. Mafuta yale yamekuwa meusi, yametumika tangu adhuhuri. Paka wawili watatu wamekaa chini ya meza, miguu imekunjwa, macho juu. Kinachoanguka ni mabaki ya viazi, ganda la yai, kipande cha mshikaki kilichoungua. Angalia wanavyokula: kiazi wanakilamba, wanakiacha. Yule mwenye njaa sana ndiye atakimeza. Mate ya paka hayana kile kimeng'enya kinachoanza kusaga wanga mdomoni, na ulimi wake hauonji sukari hata kidogo. Mwaka 2005 wanasayansi wa kituo cha Monell huko Philadelphia walieleza sababu, kwamba jeni moja inayohitajika kutengeneza kionjio cha utamu kwa paka imeharibika. Anayelamba kiazi anafuata mafuta na harufu ya nyama iliyopita kwenye karai lile. Na hata kwenye papa, si chumvi inayomvuta. Ni samaki.

Lakini kile kipande cha mshikaki ndicho kinachonitia wasiwasi, na si kwa chumvi wala kwa mafuta yake.

Mshikaki wetu umelala kwenye kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na papai bichi. Pilau imeanza na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia. Mchuzi wa nazi, supu, biriani, kababu, hata samaki wa kupaka: hakuna jiko la pwani lisilo na kitunguu. Na kitunguu, cha maji au saumu, ni sumu ya kweli kwa paka. Kinazishambulia chembe nyekundu za damu mpaka zinapasuka. Damu ya paka ni dhaifu kwa jambo hili kuliko ya mbwa, na ya mbwa ni dhaifu kuliko yetu. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili zinaweza kuleta madhara. Kwa paka wa kilo 4 ni gramu 20, moja ya tano ya kitunguu cha wastani. Saumu ni kali mara kadhaa zaidi. Kupika hakusaidii, kukausha hakusaidii, kusaga kuwa unga ndiyo kabisa, maana unga umekusanya nguvu ya vitunguu vingi kwenye kijiko kimoja. Vile vidonge vya kuungia supu na pakiti za unga wa mchuzi, soma mgongoni: chumvi ndiyo ya kwanza, kitunguu hakiko mbali.

Ubaya ni kwamba haonyeshi siku hiyohiyo. Anakula leo, anacheza kesho, siku ya tatu au ya nne ndipo anakuwa mnyonge. Anahema haraka bila kukimbia. Mfungue mdomo utazame fizi: zilikuwa waridi, sasa zimepauka, au zina umanjano. Mkojo unakuwa mwekundu wa kahawia, kama chai ya rangi. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka pilau ya Jumapili. Wanasema paka amelogwa, au amekula panya mwenye sumu. Na wapo wanaomwonea huruma wakamponda Panadol wakampa. Basi hapo wamemmaliza, kwa sababu dawa hiyo inaharibu damu ileile na ini la paka haliwezi kuisafisha. Kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

Kwa hiyo tunapobishana kuhusu chumvi ya papa, mchuzi uliomwagwa kwenye ugali wa paka unatupita pembeni. Papa mwenyewe hana kitunguu mpaka tumuunge.

Huo ugali nao una kesi yake. Nyumba nyingi chakula cha paka ni ugali au wali uliolowekwa mchuzi, na nyama ni ile inayobaki kwenye mfupa. Paka hawezi kujitengenezea vya kutosha kitu kinachoitwa taurini, kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Mwaka 1987 daktari wa mifugo wa Marekani, Paul Pion, na wenzake walionyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka walikuwa wamepungukiwa taurini, tena wengi walikuwa wakila chakula cha dukani kilichodhaniwa kimekamilika. Walipoongezewa, mioyo ilirudi kufanya kazi. Kabla ya hapo ilikwisha kujulikana kwamba upungufu huohuo hupofusha. Paka wetu wa uani wanaokolewa na panya, mijusi na panzi. Wanakula ugali wako na usiku wanakwenda kujitibu. Lakini sasa tunaishi ghorofani. Paka wa ghorofa ya nne aliyefungiwa na dirisha lenye wavu hana panya. Akila ugali na mchuzi, basi ndicho chakula chake chote.

Watu wa pwani tumelelewa kwamba paka wa nyumba haingwi. Wengi tumefundishwa madrasa kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Mwezi wa Ramadhani utaona baada ya futari mtu anatoka na sinia, anawamwagia paka wa msikiti masalia yote: sambusa, kachori, mchuzi wa nyama, mifupa. Nia ni njema na siwezi kuikejeli. Ninachosema ni kwamba tumezoea kumlisha paka mwisho wa mlo, chakula kikiwa kimeshapita kwenye chumvi, mafuta, kitunguu na pilipili. Fungu lake lingetolewa mwanzoni.

Na wapo wanaofanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wanapopaa samaki, magamba yanaruka, matumbo yanaingia kwenye ndoo, na paka wamejipanga wanasubiri. Mpaaji anakata mapezi, anachomoa matamvua, na kipande cha nyama ya karibu na kichwa kinaanguka upande wa paka. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna kitunguu. Hatua chache kutoka hapo kuna wakaangaji, na samaki walewale wanatoka kwenye karai wakiwa na chumvi na ndimu.

Nyumbani ni jambo la dakika moja. Unapokata nyama, kabla hujatia kiungo, toa kipande cha ukubwa wa vidole viwili. Unaposafisha samaki, toa minofu ya mkiani. Chemsha kwa maji matupu, toa miiba, mpe. Kuchemsha ni muhimu kwa samaki, hasa wa jamii ya dagaa, kwa kuwa baadhi yao wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Paka aliyelishwa hao tu kwa wiki nyingi hushindwa kuinua shingo. Moto unakiua kitu hicho. Na samaki wenye mafuta mengi, kama jodari, wasiwe chakula cha kila siku pekee, maana mafuta yao yakizidi bila vitamini E, mafuta ya mwilini mwa paka yenyewe huvimba na kuuma, ukimgusa analia. Firigisi, moyo wa kuku, moyo wa ng'ombe ni vizuri mno. Maini kidogo tu, si kila siku. Maziwa wapo wanaoyaweza, wengi wanaharisha.

Wanaonunua dagaa kwa ajili ya paka, na najua ni wengi, wawe waangalifu na aina. Dagaa wa Kigoma na wa Mwanza kwa kawaida huanikwa juani bila chumvi; hatari yao ni mchanga. Dagaa wa Zanzibar, wale wanaosafirishwa mpaka Kongo, huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi ndipo wakaanikwa. Ukiwaonja utajua. Hao waloweke, umwage maji, uchemshe, umwage tena. Papa hivyohivyo: mwenyewe unamloweka usiku kucha kabla ya kumpika, basi kipande cha paka kikate baada ya kulowekwa, kabla ya kuungwa. Na yale maji uliyomlowekea yamwage mbali. Usiyaache kwenye beseni uani siku ya jua kali wakati ndiyo maji pekee yanayoonekana.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi, kwa sababu haliko mikononi mwako peke yako. Paka wa uswahilini hana nyumba moja. Kwako anaitwa jina hili, kwa jirani jina lile, kwa muuza chipsi anaitwa "wewe". Unaweza kumchemshia moyo wa kuku asubuhi, na mchana akapewa biriani kwa Mama Fulani, tena kwa upendo. Huwezi kumkataza mtu kulisha kiumbe. Ila kwa jirani unaweza kupita ukasema, "Shoga, huyu paka wetu usimpe chenye kitunguu, mtolee nyama kabla hujaunga." Atacheka, atauliza tangu lini paka ana mapishi yake. Mweleze habari ya fizi na mkojo. Kwa muuza chipsi usipeleke hotuba, ana wateja. Mpelekee kopo la maji, mwombe aliweke chini ya meza, upande ule usio na karai.